Siku Nyumba ya Shangazi Ilipovuka Barabara

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nimeona theluji ikianguka wakati watu wameshaweka makoti kabatini, nimeona mwanamume mzima amepiga magoti pembeni mwa barabara ya Jane hapa Toronto akimvalisha mbwa viatu, nikapita zangu. Mume wangu husema hata parapanda ya mwisho ikilia, mimi nitauliza kwanza ni nani huyo anayetupigia kelele. Lakini kuna asubuhi moja, katika kisiwa kimoja cha Karibi, nilisimama kando ya barabara mdomo wazi, mikono kichwani, machozi na kamasi vikishindana kushuka, na wala sikuona haya. Nataka kuieleza asubuhi hiyo bila kuitia chumvi, maana haihitaji.

Mambo yalianzia kazini. Miaka hiyo nilikuwa nikihudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko North York, kaskazini mwa Toronto: kuwaogesha, kuwavalisha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Mwenzangu wa zamu alikuwa mwanamke wa kutoka kisiwa hicho, mrefu, mwenye kicheko cha kuamsha hata waliokunywa dawa za usingizi. Siku ya kwanza alipofungua bakuli lake la chakula nikaona ndizi mbichi za kuchemsha na kipande cha samaki wa chumvi. Nikamwambia, "Wewe ni wa kwetu, hujijui tu." Akanisogezea bakuli. Tukawa marafiki hapo hapo, kwa sababu wote wawili tulikuwa na hasira za karibu na tumbo lisilochagua.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakulicheka: makaratasi. Alikuja Toronto kutembea, akabaki, akaomba ruhusa ya kukaa, na maombi yake yakalala ofisini mwaka baada ya mwaka. Kufanya kazi alikuwa anaruhusiwa. Kutoka nje ya nchi ndiko kulikokuwa na mtego, kwani akitoka huenda asifunguliwe mlango tena. Na kule kisiwani alikuwa na shangazi yake, dada ya baba, aliyemlea tangu mama yake afariki. Shangazi alikuwa amezeeka, akiishi peke yake katika nyumba ya mbao ukingoni mwa korongo. Kila mvua kubwa ikinyesha, korongo lilimeza kipande cha ua. Lilikuwa limeshameza banda la kuku. Limeshameza choo.

"Kilichobaki ni nyumba," aliniambia siku moja tukikunja mashuka. "Na yeye ndani."

Sikulala vizuri wiki hiyo. Jumapili nikasimama kanisani. Sisi Wakenya tulikuwa tukisali mtaa wa Mount Dennis katika ukumbi wa kanisa la watu wengine, mchana, wenyewe wakishamaliza na kwenda zao. Mimi nikisimama watu hukaza mikanda, wanajua mdomo wangu. Nikawaambia kila mwaka tunajaza mapipa nguo tulizochoka kuzivaa, tunazipeleka mbali, tunajiita wakarimu. Mwaka huu twendeni wenyewe. Kuna mama mmoja anaporomoka na nyumba yake, twendeni tumjengee nyingine.

Mwenyekiti wa kamati ya misaada alikuwa fundi wa ujenzi, mtu wa nyumbani aliyekuwa amejenga nusu ya vyumba vya chini vya nyumba za watu pale mjini. Tulimwita Mzee ingawa hakuwa mzee kihivyo. Alikuwa na viganja kama sepetu na sauti ya kuongelea nje. Aliruka kwenye kiti. "Wiki mbili!" akasema. "Nipeni wiki mbili, nitampa mama huyo nyumba ya mawe!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi, na mimi nikapiga kuliko wote.

Hapa lazima nieleze, maana asiyeishi huku nje hawezi kuelewa makofi yale. Sisi tuliotoka nyumbani tuna ugonjwa mmoja, nao ni nyumba ya mawe. Mtu atafua mashuka ya wagonjwa, ataendesha teksi kwenye barafu, lakini muulize anafanya nini na maisha yake, atakutolea picha ya msingi, kuta, na mabati mekundu ya nyumba anayomjengea mama yake kijijini. Nyumba ya mawe ndiyo jibu letu kwa kila kitu. Mama anaumwa? Mjengee. Mama amekukumbuka? Ongeza chumba. Ule ukumbi ulikuwa umejaa watu waliokuwa wamejenga, wanajenga, au wanasema uongo kwamba wanajenga. Hakuna aliyefikiria kumuuliza shangazi wa watu anataka nini. Hata mpwa wake hakuuliza. Alinikumbatia tu hadi nikakosa pumzi, akasema, "Mwambie akubali. Mimi atanibishia, lakini mgeni hatamkatalia."

Tukaondoka kabla ya mvua zao kuanza, watu kama kumi hivi.

Nyumba ilikuwa ndogo, rangi ya samawati iliyopauka, madirisha yenye milango ya mbao nyeupe. Haikuwa imeshikana na ardhi. Ilikalia marundo ya mawe kama kuku aliyeatamia. Nikazunguka nyuma kuangalia. Yesu wangu! Nyuma ya jikoni palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kupita, halafu ardhi ilikuwa imekwisha. Nilipochungulia chini nikauona mti umelala miguu juu, mizizi yote nje, na bati la banda la kuku limekwama kwenye matawi. Nikarudi mbele nikishika ukuta, kisha nikauachia ukuta, nikahofia nitausukuma.

Shangazi alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, amevaa kofia ya majani ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alitutazama mmoja mmoja. Mzee akatoa hotuba, kwa maana sisi hatuwezi kumpa mtu hata kikombe cha maji bila hotuba. Akaeleza tumetoka wapi, nani ametutuma, nyumba itakuwa na vyumba vingapi na bafu la ndani. Akaomba sala, nayo ilikuwa ndefu. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho, hakusema neno. Akaingia ndani akatuletea kinywaji cha tangawizi. Kwetu mama wa umri ule akipokea zawadi hapigi vigelegele, ananyamaza, moyo umejaa. Kwa hiyo tukachukua ule ukimya kuwa ni shukrani, tukanywa tangawizi, tukafurahi.

Jamaa yake mmoja alikuwa ametoa kiwanja ng'ambo ya barabara, juu, mahali pa ardhi ngumu. Tukaanza kuchimba msingi. Wanaume wa kijiji wakaja kutusaidia kwa adabu nzuri sana, wakawa wanauliza swali moja tu. "Amekubali?" Sisi tunajibu, amekubali. Wanatazamana, wanaendelea kuchimba.

Msingi ulipokwisha kuchimbwa, Mzee akasema sasa tubomoe ile ya zamani, mbao na mabati yake yatatufaa. Tukateremka asubuhi na mitaimbo na nyundo. Tukamkuta shangazi ameweka kiti katikati ya mlango, amekikalia, mikono magotini.

"Hivyo vyuma ni vya nini?"

"Vya kubomolea, mama," Mzee akasema, "ili tukujengee."

"Mbomoe nyumba ya nani?"

Mzee akanitazama, mimi nikatazama chini. Shangazi akaongea polepole, kama anayemwelekeza mtu njia.

"Mmekuja kunipa nyumba. Nyumba ninayo. Nisichonacho ni mahali pa kuiweka. Sasa mmenitengenezea mahali kule juu, asanteni sana. Nipelekeeni nyumba yangu."

Mzee akacheka kidogo, kicheko cha kumstahi mtu mzima aliyeanza kupoteza njia. Akaniambia kwa Kiswahili, "Umri huo." Mimi hasira zikanipanda. Tumeacha kazi, tumeacha watoto, tumechimba hadi viganja vimechubuka, halafu mtu akae mlangoni! Nikamwambia, mama, umeona lile shimo nyuma yako? Mtoto wako kule Toronto hali, halali, kwa ajili ya hili shimo. Unataka tumpelekee habari gani?

Hakukasirika hata kidogo. "Mpigie," akasema.

Nikapiga. Rafiki yangu alikuwa kazini, katika chumba cha kufulia, nikasikia mashine zikizunguka nyuma yake. Nilipomweleza akalipuka. Akasema wabomoe, wabomoe leo, huyo mama kichwa ngumu tangu zamani, nipe niongee naye! Nikampa shangazi simu. Alikuwa akiisikiliza ameishika mbali na sikio, na sisi sote tukawa tunasikia kelele za kutoka Toronto. Akangoja mpaka zikapungua.

"Ulitokea mlango huu," akamwambia. "Nilikuwa nimesimama hapa hapa. Wakiubomoa, siku ukirudi utarudi wapi?"

"Nitarudi kwako, shangazi."

"Mimi ni mzee. Siku hiyo naweza nisiwepo. Mlango uwepo."

Mashine zikaendelea kuzunguka kule Toronto. Nikaona Mzee ameweka mtaimbo chini, taratibu, kama mtu anayeweka kitu karibu na mtoto aliyelala. Shangazi akanirudishia simu. Rafiki yangu alikuwa analia, na mimi sijawahi kumsikia mwanamke yule akilia, hata siku zilipokuja barua za kumwambia aendelee kungoja.

"Fanyeni anavyosema," akasema. "Tafadhali. Msimguse hata bawaba."

Mzee akaketi juu ya jiwe. Akasema, bila kumtazama yeyote, "Mama yangu mimi analala jikoni. Nilimjengea vyumba vinne. Ameweka mahindi." Ilikuwa mara ya kwanza nasikia hivyo, na tulikuwa tumeona picha za nyumba ile kanisani mpaka tumechoka. Akainuka, akajipangusa vumbi. Akawageukia wale wanaume wa kijiji, akawauliza kama anayeuliza habari ya kawaida, "Haya, nyumba inahamishwaje?"

Lo! Laiti mngeuona uso wa kijiji kile. Kumbe walikuwa wakingoja swali hilo tangu tufike. Wazazi wao walikuwa wakihamisha nyumba hivyo, mtu akihama kiwanja anahama na nyumba yake, lakini ilikuwa imepita miaka mingi bila kufanyika, na kila mmoja alidhani wengine wameshasahau. Walikuwa wamesahau kweli vipande vipande. Mmoja anakumbuka magogo ya kubebea yanapitishwa wapi chini ya sakafu, mwingine anakumbuka wabebaji wanavyopangwa kwa vimo. Mzee akaongeza lake: akapigilia mbao za mshazari kwenye kila pembe, ndani na nje, kuta zisije zikafunguka njiani. Siku mbili wale watu walibishana kwa raha ambayo sijaona harusini.

Jumamosi asubuhi mtu akapuliza kombe kubwa la baharini. Sauti yake nzito ilizunguka vilima, na watu wakaanza kutoka. Nilidhani watakuja vijana wenye misuli. Walikuja vijana, lakini pia alikuja mwalimu, akaja nesi wa zahanati na sare yake, akaja padri, wakaja wanawake na masufuria yao na nguo zimefungwa viunoni. Kitanda na kabati vikatolewa nje. Shangazi akakataa kutoka.

"Nikitoka mtaiharakisha," akasema. "Nikiwa ndani mtaibeba kwa adabu."

Mzee akamsihi kwa lugha zote. Wapi! Akaketi kwenye kiti chake sebuleni, kofia kichwani, vikombe vyake vikining'inia kwenye misumari nyuma yake. Rafiki yangu alikuwa kwenye simu, nikimsimulia. Nilipomwambia shangazi amebaki ndani akasema, "Najua. Usipoteze nguvu."

Watu wakaingia chini ya magogo. Mwanamke mmoja mnene, mwenye sauti ya kuchana bati, akapanda juu ya jiwe akaanza kuita. Yeye anatoa mstari, wao wanaitikia, na kwenye kuitikia ndiko kuna nguvu. Mara ya kwanza hakuna kilichotokea. Mara ya pili nyumba ikalia, mbao zote kwa pamoja, vumbi la miaka likamwagika. Mara ya tatu ikainuka. Haki ya Mungu, ikainuka! Nikaona mwanga ukipita chini yake, kutoka upande huu hadi upande ule, mahali ambapo hapakuwahi kupata jua tangu nyumba ile ijengwe. Chini palikuwa na majani meupe kama nyuzi, na mijusi ikikimbia huku na huku.

Ndipo ukingo ukaachia. Nyuma, pale pa kupita mtu mmoja, ardhi ikakatika kimyakimya, mawe ya jikoni yakaporomoka korongoni moja baada ya jingine. Wabebaji wa nyuma wakapiga kelele, nyumba ikainama upande, ndani kikaanguka kitu kikapasuka. Nilijua nakwenda kumwambia rafiki yangu kwamba tumemuua shangazi yake kwa wema wetu. Yule mwanamke juu ya jiwe hakukata mstari. Alipandisha sauti. Mzee akakimbia nyuma akaingia bega chini ya gogo, padri akamfuata, na mimi nikatumbukiza simu kifuani, ndani ya sidiria, nikaingia pia. Nilipata nafasi kati ya nesi na mtu nisiyemjua. Gogo likanikalia begani na nikahisi nyumba nzima ndani ya mifupa yangu, uzito wake, na kutetemeka kwake, na kwamba ndani yake kulikuwa na mtu mzima ameketi kwenye kiti. Nikaitikia. Sikujua maneno, nikaitikia tu kwa sauti yangu yote.

Ikanyooka. Ikaanza kwenda.

Ikatembea, jamani. Nyumba ilitoka uani kwake, ikapita chini ya nyaya za umeme zilizoinuliwa kwa mti, ikafika barabarani. Lori la ndizi likasimama, dereva na tandiboi wake wakashuka bila kuulizwa wakaingia chini ya magogo. Katikati ya barabara nikabadilishwa na mtu mwingine, nikatoka nje kuvuta pumzi. Hapo ndipo niliposimama mdomo wazi kama nilivyosema. Miguu yote ile chini, mingine na viatu vya kanisani, mingine pekupeku, ikipiga hatua pamoja, na juu yake paa, dirisha, na dirishani shangazi, amekaa wima, akitazama mbele kama abiria aliyelipa nauli. Aliponipita akanipungia mkono. Nilijihisi mdogo kama kidonge cha piritoni, na sijawahi kufurahi hivyo kuwa mdogo. Nilikuwa nimekwenda kule nikiwaza kwamba sisi ndio tunaobeba.

Wakaiteremsha juu ya msingi tuliouchimba, juu ya marundo mapya ya mawe, polepole, pembe baada ya pembe. Mzee akaizunguka na pimamaji mkononi akilia waziwazi. Shangazi akatoka mlangoni, akajaribu kizingiti kwa mguu, akaangalia ng'ambo ya barabara pale alipotoka. Nyuma ya mawe matupu hapakuwa na kitu tena, ni hewa. Akalitazama pengo lile, kisha akasema watu wana njaa.

Hapo ndipo nikakumbuka simu. Nikaichomoa kifuani, imelowa jasho. Nilidhani imekatika zamani. Nikaiweka sikioni nikamsikia rafiki yangu katika chumba cha kufulia, North York, katikati ya mashuka ya wazee wa watu, anaitikia. Alikuwa hajui kwamba wenzake wameshanyamaza. Alikuwa amekauka sauti.

"Imefika," nikamwambia.

Akaacha kuitikia. "Kikombe gani kimevunjika?"

Nikachungulia mlangoni, nikaona vigae sakafuni. "Cha bluu."

"Si hoja," akasema. "Alikuwa hakipendi."

Tuliporudi Toronto niliwasimulia watu mpaka wakanikimbia. Binti yangu, ambaye husikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, aliniuliza nyumba kwa nini haikuvunjika, nikamwambia mimi nilikuwa chini yake na bado sijui. Mzee naye alipeleka ripoti fupi kuliko zote alizowahi kutoa. Alisimama mbele akasema tulikwenda kujenga, hatukujenga, na Mungu asifiwe.

Makaratasi ya rafiki yangu yalichukua majira mengine mawili ya baridi. Yalipotoka, nilimsindikiza mwenyewe uwanja wa ndege. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono yote miwili. Mlangoni akanigeukia akasema, "Vipi nikifika nikajisikia mgeni?" Nikamwambia aende, atachelewa ndege.

Kesho yake nilikaa na simu mezani siku nzima, nikamgombeza kila mtu nyumbani. Jioni ikalia. Alikuwa shangazi. Nikamuuliza, amefika? Amefika saa ngapi?

"Saa sijui," akasema. "Nilikuwa nimegeukia jiko. Nilipogeuka nikamkuta ameketi mezani, ameshavua viatu, anakunywa chai yangu. Hata hodi hakupiga."